Hatua Mbili za Majivu

Siku ile bao lilipofungwa, au halikufungwa, waliokuwa karibu na nguzo za upande wa mlimani ni hawa: Refa mwenyewe, mdogo wangu Gwamaka, aliyeupiga ule mpira, Fransisi, golikipa wa Iringa, aliyeulalia, mshika kibendera mmoja ambaye macho yake yalikuwa yamestaafu kabla yake, Bwana Barabara, Mzungu wa ofisi ya barabara, kwenye kiti cha kukunja, karani wake, aliyemshikia mwavuli, wadogo zangu wengine wawili, Bupe na Lusajo, juu ya gunia, na mimi, nimesimama nyuma ya nguzo na debe la majivu. Tulikuwa tisa.

Nawataja kwa majina na vyeo kwa sababu tangu siku ile sijakutana na mwanamume wa Mbeya ambaye hakuwapo. Kila mmoja aliona, tena kwa macho yake mawili. Kama wote wanasema kweli, basi uwanja wetu ulianzia Iyunga ukaishia Mbalizi. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlima wa Loleza tangu alfajiri, na mtu aliyesimama katikati ya uwanja hakuziona hata hizo nguzo. Lakini wao waliona. Wanaume wana macho ya ajabu wanapokuwa mbali na kitu.

Refa hakuwa na jina lingine. Nadhani alikuwa nalo, maana alibatizwa, lakini hata mkewe alimwita Refa. Siku za kazi alikuwa mpima kahawa kwenye ghala, akiwapunguzia wakulima ratili kwa sababu ya mawe na unyevu, na Jumamosi aliwapunguzia mabao kwa sababu ya kuotea. Mtu mmoja aweza kuchukiwa siku sita za wiki na bado akalala usingizi mzuri; huyu alikuwa ushahidi. Siku ya saba alikwenda kanisani, na huko pia watu waliacha nafasi pande zote mbili za benchi lake.

Hakuwahi kupiga mpira maishani mwake. Hili alilisema mwenyewe, tena kwa fahari, kama mtu anayesema hajawahi kuiba. Siku moja mpira ulitoka uwanjani ukaja hadi miguuni pake akiwa amesimama na wazee, nao wakamwambia aurudishe. Akauinamia, akauokota kwa mikono, akaubeba hadi ulipotokea, akauweka chini, akarudi. Wazee walicheka wiki nzima. Yeye aliwaambia kwamba hakimu hashiki panga la mshtakiwa ili aone kama linakata.

Kipenga chake kilikuwa cha bati, kimefungwa kwa kamba ya kiatu, na siku ambazo hakuna mechi kilikaa ndani ya kopo la ugoro. Kwa hiyo kila Jumamosi dakika kumi za kwanza alichezesha huku akipiga chafya, na wachezaji wageni hawakujua ipi ni faulo na ipi ni mafua. Alikipuliza sokoni kutenganisha wanawake waliogombana. Alikipuliza kwenye harusi, bwana arusi aliposita kujibu swali la mchungaji. Na akishapuliza, imekwisha. Ungeweza kumwonyesha, ungeweza kumlilia, ungeweza kumletea askari, jibu lilikuwa moja, "Nilishapuliza." Kapteni wetu aliwahi kumwonyesha jino lililong'oka kwa kiwiko cha mtu, likiwa bado na damu, akiomba penalti. Refa aliliangalia lile jino kwa makini, akamrudishia, akasema, "Nilishapuliza kona."

Alikuwa na kitabu cha sheria, kimoja tu Mbeya nzima, kimefunikwa kwa kitambaa cha kaki. Panya walikuwa wamekila kidogo, na kwa bahati waliyoijua wao walianzia kwenye ukurasa wa kuotea. Sheria ya kuotea, kwa hiyo, ilikuwa tumboni mwa panya, na Refa ndiye aliyekuwa msemaji wake. Hakuna aliyethubutu kubisha. Ambaye angebisha angeambiwa alete kitabu chake.

Lakini kilichowaudhi watu kuliko vyote ni salamu. Huku kwetu mtu haachi kumsalimu mwenzake. Waweza kuwa na kesi naye barazani, mtasalimiana kwanza habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua, ndipo mtukanane. Refa, kuanzia Alhamisi asubuhi hadi Jumamosi jioni, hakumsalimu mtu wala kuitika. Hakula kwa mtu. Hakupokea hata moto wa kuwashia kiko. Alisema salamu ni mlango, na akiufungua kidogo ataingia shemeji na mkungu wa ndizi. Mama mkwe wake alipokuja kumwona siku ya Ijumaa, akitoka safari ya siku mbili kwa miguu, Refa alimpisha mlangoni, akamwonyesha kiti kwa kidole, akaenda kujifungia. Yule mama alikaa hadi Jumapili akisubiri kusalimiwa, akasalimiwa, akaondoka Jumatatu, wala hakurudi tena. Refa hakuonekana kuhuzunika sana.

Kuuliza swali, hata hivyo, hakukukatazwa na sheria zake, maana aliyezitunga ni yeye. Ndivyo nilivyomfahamu. Wazazi wetu walikuwa wamekufa wote wawili ndani ya mwaka mmoja, tukabaki wanne. Mimi ndiye mkubwa, basi niliacha shule darasa la nne ili wengine wasiache. Ijumaa moja nilikuwa nikilima maharage kwenye mteremko. Refa alikuja akasimama mwisho wa tuta, akafumba jicho moja, akaliangalia tuta kama mtu anayelenga bunduki.

"Nani amepima hapa?" akauliza.

Nikamwambia nimepima kwa macho.

"Macho ya nani?"

"Yangu."

"Kesho uje uwanjani na majivu," akasema, akaenda zake bila kuaga. Ilikuwa Ijumaa.

Mpaka siku ile mwanamke hakuwa na kazi uwanjani isipokuwa kupita pembeni akiwa na mzigo. Mistari ilichorwa na mpwa wa mwenyekiti wa kamati, na uwanja ulionekana kama umechorwa na kuku. Refa aliwaambia kamati kwamba mistari itachorwa na mtu anayejua kunyoosha, nao wakakubali, kwa sababu ujira wenyewe ulikuwa kipande cha sabuni na chumvi ya wiki, na mpwa alikuwa ameanza kudai sukari. Hivyo yatima wanne tukawa tunanukia vizuri kila Jumapili.

Majivu ya nyumba moja hayatoshi hata kona. Kuanzia Jumatano nilipita jikoni kwa watu nikiomba. Kina mama walinipa, kwa maswali. Mmoja aliniuliza kama wanaume wakimaliza kucheza watayarudisha, maana yeye huyatia kwenye migomba. Nikamwahidi nitawauliza.

Nguzo zilikuwa za mkaratusi, nazo ziling'olewa kila baada ya mechi, kwa sababu nguzo iliyoachwa uwanjani usiku mmoja huamka ikiwa boriti ya nyumba ya mtu. Zilihifadhiwa kwa Refa, ndani, kando ya ukuta, na mkewe alikuwa akiziruka kila alipokwenda jikoni. Jumamosi vijana walizibeba wakazichomeka tena kwenye mashimo yaleyale. Mimi nilichora mstari wa goli kutoka shimo hadi shimo, Ijumaa jioni, na Jumamosi nikaupitia tena kwa majivu mapya. Kisha Refa alikuja kukagua. Aliutembea kila mstari, kisigino kwenye vidole, kisigino kwenye vidole, mikono nyuma, midomo ikihesabu, uwanja mzima, huku timu mbili zikitetemeka kwa baridi. Hakuwahi kunisifu. Alikuwa akifika mwisho anasema, "Umenyooka," kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya msiba.

Niseme kidogo kuhusu michezo ilivyokuwa, maana vijana wa sasa wanadhani ilikuwa ya kila mtu. Wazungu walikuwa na gofu yao, shamba zima la majani mafupi ambayo ng'ombe hawakuruhusiwa kuyala, na sisi tuliruhusiwa kuingia kama tumebeba fimbo zao. Wahindi walikuwa na kriketi, wakivaa nguo nyeupe pe kwa ajili ya kusimama jua lote. Sisi tulikuwa na kandanda, pekupeku, juu ya mteremko ambao ukilegea kidogo mpira unaufuata bondeni nusu saa. Mchungaji alihubiri kwamba mpira ni kichwa cha shetani kilichojazwa upepo. Jumamosi alisimama pembeni kumwangalia shetani anavyopigwa, na timu yetu ikifungwa alikuwa wa kwanza kuondoka.

Refa hakuona tofauti. Kwake mstari ulikuwa mstari, uwe wa chokaa ya Wazungu au wa majivu ya jikoni. Jumapili moja alisimama nje ya uzio wa klabu yao akiangalia tenisi. Mke wa mkubwa fulani alipiga mpira, akasema umeingia. Refa, kutoka nje ya uzio, akasema umetoka. Wakamwambia aende zake. Akaenda, lakini alipofika njia panda aligeuka akasema tena, kwa adabu, kofia mkononi, kwamba umetoka. Wiki ile aliitwa ofisini kwa maelezo, na nasikia maelezo aliyotoa yalikuwa kwamba ulitoka.

Sasa nirudi kwenye ukungu.

Miaka ile shule ilikupa barua na miguu ilikupa kazi. Ofisi na mashamba yalitaka timu, na kijana aliyefunga mabao mawili mbele ya Mzungu Jumamosi aliweza kuwa tarishi Jumatatu, hata kama hakujua barua inafunguliwa upande gani. Bwana Barabara alikuwa ametangaza, kwa mdomo wa karani wake, kwamba timu ya Iringa itakuja kucheza nasi, na vijana watatu kutoka upande utakaoshinda atawachukua kushika mnyororo wa kupimia barabara. Wakitoka sare hachukui mtu, kwa sababu sare humchosha.

Gwamaka hakuwa na darasa la maana wala mjomba. Alikuwa na mguu wa kushoto. Na Bupe alikuwa ameshaambiwa shuleni asubiri nyumbani mpaka karo ipatikane, na Lusajo angemfuata muhula wa pili. Basi siku ile wengine walikuja kuangalia mpira. Mimi nilikuja kuangalia kama Bupe atasoma au atalima.

Nakiri kwamba Jumatano nilimtuma Lusajo apeleke mkungu wa ndizi kwa Refa. Sikusema kitu, nilisema ni wa mama watoto. Alhamisi asubuhi Refa aliurudisha mwenyewe, akautua mlangoni kwetu. Nilihesabu, imepungua moja. Akaona ninavyohesabu.

"Moja niliila jana," akasema. "Jana ilikuwa Jumatano."

Aliyemwona Lusajo akipeleka alikuwa jirani mmoja, naye alimwona vizuri. Aliyemwona Refa akirudisha hakuwapo.

Jumamosi ile ilinyesha manyunyu tangu usiku. Mashimo ya upande wa mlimani yalikuwa yamejaa maji, na vijana, kwa akili yao, wakachimba mengine hatua mbili nyuma, penye ukavu, wakachomeka nguzo humo. Hawakumwambia mtu. Mimi nilipofika na debe langu nilikuta mstari wangu wa jana umefifia lakini unaonekana, nikaufuata ulivyo, nikaupitia kwa majivu mapya, kwa haraka, nimeinama, ukungu umenifunika hadi kiunoni. Sikuinua macho kutafuta nguzo. Kwa nini nizitafute? Nguzo siku zote zilikuwa pale mstari ulipo.

Na Refa hakukagua. Lori la Iringa lilichelewa saa mbili, wachezaji wakashuka wekundu kwa vumbi na matope kama matofali mabichi, na Bwana Barabara alikuwa ameshaangalia saa yake mara tatu. Karani akamwambia Refa kwamba bwana ana chai ya saa kumi. Refa alianza kutembea mstari wa pembeni, kisigino kwenye vidole, akafika kama robo, karani akakohoa. Refa akasimama. Ndiyo mara ya pekee nilimwona akiacha kitu katikati. Akapuliza.

Timu zilikuwa na bao moja kwa moja hadi karibu na mwisho. Zimebaki dakika ambazo ni Refa tu aliyezijua, Gwamaka akachomoka kati ya miguu miwili mitatu ya watu upande wa kushoto, akapiga. Fransisi wa Iringa alikuwa golikipa hodari, mwenye mikono kama makoleo. Aliruka, mpira ukamgonga kifuani, ukaanguka kwenye tope, naye akaulalia. Ukakwama pale chini ya kiwiko chake. Ulikuwa umeupita mstari wangu wa majivu kwa hatua nzima. Na ulikuwa mbele ya nguzo kwa hatua nzima.

Refa akaja mbio, kipenga mdomoni. Akaangalia mpira. Akaangalia mstari. Akaangalia nguzo. Kisha akainua macho akaniangalia mimi na debe langu. Ndipo na mimi nikaona.

Fransisi alisema bila kuinuka, "Refa, angalia nguzo."

"Nimeziangalia."

"Mpira haujafika kwenye nguzo."

"Umeupita mstari."

"Baba, huo mstari uko mahali pabaya. Wewe mwenyewe unaona."

Gwamaka alikuwa amesimama, mikono magotini, hajui lolote, anahema. Bupe alikuwa ameinuka kwenye gunia. Refa akauangalia mstari tena, kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Mimi nahukumu mstari," akasema. "Sihukumu mtu." Akapuliza, akaonyesha katikati ya uwanja.

Kilichofuata mnakijua, maana nyote mlikuwapo. Mbeya nzima iliingia uwanjani, na katika kufumba na kufumbua majivu yangu yalikuwa kwenye nyayo za watu. Bwana Barabara alipiga makofi mara tatu akaenda kwenye chai yake. Nguzo ziling'olewa kama kawaida, na safari hii kwa haraka zaidi, kwa kuwa watu wa Iringa walikuwa wameanza kuzihitaji kwa kazi nyingine. Kamati ilipokuja Jumatatu kukagua ilikuta mashimo manne yamejaa maji, na kila mjumbe akachagua mawili yaliyompendeza.

Iringa walilalamika kwa barua ndefu. Kamati yetu, iliyokuwa imeshangilia bao kuliko mtu yeyote, ilihuzunika sana kwa barua ile. Bao wakaliacha, kwa sababu lilikuwa letu. Wakaamua kumchunguza Refa, kwa sababu hakuwa wa mtu. Wakamwita. Jirani akaeleza habari za mkungu wa ndizi. Wakamwuliza Refa kama aliupokea. Akasema aliupokea. Wakamwuliza kama alizila ndizi. Akasema aliila moja. Hawakumwuliza nyingine zilikwenda wapi, na yeye hakuwa mtu wa kujibu swali ambalo hajaulizwa. Wakamwuliza kama mpira ulipita kati ya nguzo.

"Nilishapuliza," akasema.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa banda la kamati, debe mkononi. Hakuna aliyefikiri kumwuliza mwanamke mwenye debe. Wala mwanamke mwenye debe hakusema. Ningesema neno moja, kwamba ndizi zilirudi, na la pili, kwamba mstari niliukosea mimi. Lakini la kwanza lingevuta la pili, na la pili lingemvuta Gwamaka kutoka kwenye mnyororo wa kupimia barabara aliokuwa ameshaushika. Nilikuwa na sababu tatu za kunyamaza, na zote zilikula chungu kimoja nami.

Wakamwambia akabidhi kipenga. Akakitoa kwenye kopo, akakifuta ugoro kwa shati, akakiweka mezani. Kitabu hakutoa, alisema ni cha panya. Kipenga kikapewa mpwa wa mwenyekiti, kijana mwenye tabia njema, aliyesalimu watu wote Alhamisi na Ijumaa, na Jumamosi akala kwa yeyote aliyempikia. Michezo ikawa na amani kubwa. Timu iliyopika vizuri ilishinda. Mimi na debe langu nasi tuliachishwa, kwa kuwa Refa mpya alisema kila mtu anajua uwanja unaishia wapi.

Refa alinipita njiani siku za Jumatatu na Jumanne akinisalimu kama kawaida, habari za nyumbani, habari za maharage, hakugusa jambo lile hata kwa jicho. Baada ya mwaka watu walianza kusema kwamba mtu aliyekula ndizi kwenye mpira hashindwi kula kwenye mizani. Akaacha ghala, akahamia kwa binti yake aliyeolewa Iringa. Iringa, kati ya mahali pote. Nilidhani watamchuna ngozi.

Gwamaka alishika mnyororo, akalipa karo. Bupe akamaliza shule, akachukuliwa Tosamaganga, kule Iringa, kusomea uuguzi, na Lusajo naye akafuata njia yake. Ilikuwa imepita miaka kumi nilipokwenda kumwona Bupe. Nilimkuta na gauni jeupe la kazi, anatembea kwa haraka kama mtu mwenye funguo. Akaniambia, "Dada, kuna mzee wako kule uwanja wa watoto wa shule. Kila siku yuko pale. Anawasumbua walimu."

Alikuwa amekaa juu ya debe lililofunikwa, pembeni mwa uwanja, jicho moja limeingia ukungu. Alikuwa akimwambia mtoto mmoja kwamba ameotea, na mtoto anamwambia mzee nyamaza. Niliposimama mbele yake akanitazama kwa lile jicho zima.

"Kamwene," akasema, salamu ya Wahehe, tena ameitamka vizuri.

Nikamwambia, "Mzee, leo Ijumaa."

"Najua siku," akasema. "Keti."

Nikapiga magoti kwanza, nikaanza maneno niliyokuwa nimeyapanga njia nzima ndani ya lori. Hakuyasubiri.

"Ulinyoosha," akasema. "Niliuangalia siku ile nikaona umenyooka kama uzi. Ila mahali pake palikuwa pengine."

Nikamwuliza kwa nini basi hakuukataa. Alinieleza kama mtu anayemweleza mtoto aliyeotea. Alisema siku zote anakagua, na siku ile hakukagua, kwa sababu ya chai ya Mzungu, na refa asiyekagua mstari kabla ya mechi hana haki ya kuukataa baada ya bao. Ndiyo hivyo tu. Nikamwuliza, haikuwa kwa ajili yetu?

"Nyie nani?" akasema.

Akaendelea kuangalia uwanja. Kisha akauliza kama Gwamaka bado anashika mnyororo, nikamwambia sasa ni nyapara, wengine ndio wanaushika. Akauliza yule wa mwisho anasoma wapi. Akauliza kama bado napima matuta kwa macho. Kwa mtu asiyejua sisi ni nani, alikuwa na maswali mengi. Mwisho akasema, "Na zile ndizi zilikuwa hazijaiva."

Nikacheka, yeye hakucheka. Alinyoosha kidole upande wa pili, kwenye karakana ya useremala, mlio wa msumeno ukisikika.

"Unamkumbuka Fransisi? Ni fundi pale. Watoto hawa wanamwita Dirisha, ati hupitisha kila kitu. Hawajawahi kumwona akicheza, wamerithi kwa baba zao. Mimi walininyang'anya kipenga, kipenga ni bati. Yule walimnyang'anya mikono. Nenda ukamwambie hakufungwa."

"Kwa nini usimwambie wewe, mzee? Mnaonana kila siku."

"Mimi siwezi," akasema. "Nilishapuliza."

Nilikwenda. Fransisi alikuwa na mvi kidogo na ile mikono yake mikubwa, anapiga randa ubao, maranda yakimwagika miguuni. Akanisalimu kwa heshima, akaniuliza nahitaji nini. Nilikuwa na neno mdomoni. Lakini nyuma ya lile neno nilimwona Gwamaka, ambaye kila Jumapili huwasimulia watoto wake bao lile, akiwaonyesha kwa mguu wa kushoto, mezani vikombe vikianguka. Gwamaka hajui. Mpaka leo hajui. Kumrudishia mtu mmoja mikono ni kumkata mwingine mguu, na aliyelelewa kwa mguu ule ni sisi sote.

Nikasema nahitaji kigoda.

Akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Mbeya. Akatabasamu, akachukua penseli nyuma ya sikio.

"Huko kwenu nguzo zinatembea," akasema. "Kigoda chako nikitie miguu mingapi, dada?"

"Mitatu," nikasema. Nikaondoka.

Hiyo ni miezi minne sasa. Jana nimepata barua ya Bupe. Anasema yu mzima, masomo ni magumu, na kwamba Refa ananisalimu sana. Anasema kigoda kimekwisha tangu mwezi uliopita, na fundi ameanza kukikalia mwenyewe, na Refa hupita pale kila siku kukiangalia, halafu huuliza kama wa Mbeya wamefika.

Basi la Iringa hupita hapa Jumamosi asubuhi. Debe langu la majivu bado ninalo, natilia maharage ya mbegu. Leo ni Alhamisi, na tangu nilipoamka sijamsalimu mtu.